Kabla ya Kununua Mbegu za Malisho: Mwongozo kwa Mfugaji Mdogo

Mvua za masika zinapokatika mwishoni mwa Mei, nyasi za Mzumbe huanza kubadilika rangi. Kufikia Septemba, maeneo mengi yaliyo kati ya Sangasanga na Changarawe, kandokando ya barabara kuu iendayo Iringa, huwa yamebaki na mabua makavu na udongo uliokanyagwa na kwato. Huu ndio wakati ambapo mfugaji, awe na ng'ombe wawili au ishirini, hulazimika kuamua: anunue marobota ya nyasi, apeleke mifugo mbali, auze mnyama aliyekonda kwa bei ya hasara, au aanze kuotesha malisho yake mwenyewe.

Anayechagua njia hiyo ya mwisho huingia katika soko ambalo watu wengi hawalifahamu, yaani soko la mbegu za malisho. Punje ya mahindi huonekana kwa macho na huweza kukaguliwa kwa kidole. Mbegu ya nyasi ni nyepesi kama unyoya, na ganda tupu lisilo na kiini hufanana mno na ganda lenye kiini. Mnunuzi anaweza kulipia mfuko uliojaa makapi asitambue jambo hilo hadi mvua zimekwisha, fedha zimekwenda na msimu mzima umepotea.

Sehemu hii ya kijitabu inamweleza mfugaji wa kawaida namna ya kuhuisha malisho yake kwa njia za asili, na namna ya kutumia fedha zake kwa uangalifu anapofanya hivyo. Ujumbe wake mkuu ni huu: mbegu ni hatua ya pili. Hatua ya kwanza ni kuipumzisha ardhi, na hatua ya tatu ni kuyatunza malisho yaliyoota. Mwenye kununua mbegu bora kisha akazimwaga mahali ambapo ng'ombe hushinda kila siku, amewanunulia sisimizi chakula.

Kwa nini malisho huchoka

Nyasi hutengeneza chakula chake kwa majani. Ng'ombe anapoyala majani hayo, mmea huchota akiba iliyo katika mizizi na kwenye kitako chake ili kuchipua upya. Chipukizi likipewa muda wa kukua, hurudisha akiba iliyotumika na mmea huwa na nguvu kama awali. Tatizo huanza pale ng'ombe anaporudi siku chache baadaye na kula chipukizi hilo laini kabla akiba haijarejeshwa. Mara ya pili, ya tatu na ya nne, mizizi hufupika, kitako hufa, na nafasi yake huchukuliwa na mimea ambayo ng'ombe haitaki: mbigiri, ndago na vichaka vyenye miiba.

Kwa hiyo kinachoua malisho si wingi wa ng'ombe peke yake. Ng'ombe watatu wanaoshinda mahali pamoja mwaka mzima wanaweza kuharibu ekari nyingi kuliko ng'ombe kumi wanaopita, wakala, kisha wakaondoka kwa muda wa kutosha.

Madhara hayaishii zizini. Udongo usio na nyasi haushiki maji. Mito ya Ngerengere, Mzinga na Mlali huyakusanya maji ya miteremko ya Uluguru upande huu na kuyapeleka katika bwawa la Mindu, ambalo ndilo chanzo kikubwa cha maji ya Manispaa ya Morogoro. Mvua kubwa ikiukuta mteremko mtupu, udongo husombwa pamoja na maji na kulala katika sakafu ya bwawa. Hivyo mkazi wa mjini asiye na ng'ombe hata mmoja naye ana fungu lake katika suala la malisho.

Lipo pia suala la amani. Malisho yanapokwisha, mifugo huhamia kwingine, na mara nyingi kwingine huko ni shamba la mtu. Mkoa wa Morogoro unaikumbuka vyema Desemba 2000, watu 38 walipouawa Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, katika mapigano kati ya wakulima na wafugaji. Ekari chache za nyasi zilizotunzwa vizuri haziwezi kumaliza migogoro ya ardhi, lakini humpunguzia mfugaji mmoja mmoja sababu ya kuvuka mpaka wa jirani yake mwezi Oktoba.

Je, unahitaji mbegu kweli?

Kabla ya kutoa fedha, fanya ukaguzi usiogharimu kitu. Tembea hatua 100 katika eneo lako ukifuata mstari ulionyooka. Kila hatua, tazama kilichoguswa na ncha ya kiatu chako: nyasi ya kudumu, gugu, au udongo mtupu. Andika hesabu. Rudia zoezi hilo katika sehemu tatu au nne tofauti, kwa sababu eneo moja la malisho huweza kuwa na hali mbalimbali.

Ikiwa takriban robo ya hatua zako, au zaidi, zimegusa nyasi njema za kudumu, anza kwa kulipumzisha eneo kwa msimu mzima wa mvua bila kununua mbegu. Nyasi zilizopo zitatoa mbegu zenyewe na kujaza mapengo. Ikiwa karibu kila hatua imegusa udongo mtupu au magugu, basi mapumziko peke yake yatachukua miaka mingi, na hapo ndipo ununuzi wa mbegu huwa na maana. Kipimo hiki ni cha makadirio tu. Afisa mifugo wa kata anaweza kukusaidia kuzitambua nyasi zako na kuamua.

Njia ya kupumzisha si ngeni nchini. Wasukuma wana desturi ya ngitili, yaani eneo linalofungwa wakati wa mvua ili nyasi zikue, kisha hufunguliwa kiangazi kinapokaza. Wamasai nao hutenga alalili, mara nyingi karibu na boma, kwa ajili ya ndama na wanyama wagonjwa. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliijenga kazi yake juu ya desturi hiyo ya ngitili badala ya kuibeza. Maeneo yaliyokuwa yamegeuka kuwa kama jangwa yalirudisha nyasi na miti kwa sababu wenyeji waliijua kanuni tangu zamani na walikuwa na sauti katika kuisimamia.

Kuchagua aina inayofaa

Hakuna nyasi iliyo bora kila mahali. Muuzaji asemaye kwamba mbegu yake huota popote anastahili kuulizwa maswali zaidi. Kwa mazingira ya Mzumbe, ambako vuli huja kuanzia Novemba na masika kati ya Machi na Mei, zifuatazo ni aina zinazofahamika.

Nyasi za Rhodes, ambazo wataalamu huziita Chloris gayana, hutambaa na kufunika ardhi haraka. Hufaa kwa malisho na kwa kukaushwa kuwa marobota. Zinahitaji udongo wenye rutuba ya wastani na mvua ya kutosha.

Cenchrus ciliaris ni nyasi ya nchi kavu. Mizizi yake huenda chini sana, nayo hustahimili kiangazi kirefu. Inapatikana kwa wingi katika maeneo kama Kongwa, mkoani Dodoma, ambako mpango wa kikoloni wa kulima karanga ulishindwa vibaya kati ya mwaka 1947 na 1951, na ambako leo pana ranchi na kituo cha utafiti wa malisho cha Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania (TALIRI). Nyasi hii hufaa sehemu zilizoinuka na zisizotuamisha maji.

Mabingobingo hufaa kwa wafugaji wanaokata majani na kuwapelekea ng'ombe bandani. Hayapandwi kwa mbegu, bali kwa vipande vya shina vyenye vifundo vitatu au kwa mapande ya kitako. Anayekuuzia mabingobingo yaliyo katika pakiti ya mbegu, mwulize kwa makini anauza nini hasa. Chukua vipande kutoka mimea yenye afya pekee, kwa maana upo ugonjwa wa kudumaa unaosambazwa kwa vipande vyenye maambukizi.

Mimea ya jamii ya kunde, kama fiwi, desmodiamu, sentrosema na mti wa lukina, huongeza protini katika chakula cha ng'ombe na hurutubisha udongo kwa naitrojeni. Lukina isizidi theluthi moja ya chakula cha siku, kwa sababu ina kemikali inayoweza kudhuru mnyama akiila kwa wingi.

Ununuzi: lipia mbegu hai, si uzito wa mfuko

Ubora wa mbegu hupimwa kwa mambo mawili. La kwanza ni usafi, yaani sehemu ya mfuko ambayo kweli ni mbegu ya aina iliyotajwa, bila makapi, mchanga wala mbegu za magugu. La pili ni uotaji, yaani idadi ya mbegu zinazoota katika kila mia moja. Ukivizidisha viwango hivi viwili, unapata kiasi cha mbegu hai.

Tuchukue mfano. Bei hizi ni za kufundishia tu. Muuzaji wa kwanza anauza kilo moja kwa shilingi 15,000. Usafi ni asilimia 80 na uotaji asilimia 50. Mbegu hai ni asilimia 40, hivyo kilo moja ya mbegu hai inakugharimu shilingi 37,500. Muuzaji wa pili anauza kilo moja kwa shilingi 8,000. Usafi ni asilimia 40 na uotaji asilimia 20. Mbegu hai ni asilimia 8 tu. Kilo moja ya mbegu hai kwake inakugharimu shilingi 100,000. Mbegu iliyoonekana kuwa rahisi imekuwa ghali zaidi ya mara mbili na nusu.

Usafi una umuhimu mwingine. Magugu mengi hatari husafiri ndani ya mifuko ya mbegu na marobota ya nyasi. Gugu karoti, ambalo huzuia nyasi nyingine kukua na huwasha ngozi za watu na mifugo, ni mfano mmojawapo. Likishaingia shambani, gharama ya kuling'oa hupita kwa mbali bei ya mbegu safi.

Taasisi yenye dhamana ya ubora wa mbegu nchini ni Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu Tanzania (TOSCI), ambayo makao yake makuu yako mjini Morogoro na inafanya kazi chini ya Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003. Kwa mkazi wa Mzumbe, ofisi hiyo ni safari ya basi dogo. Unaponunua mbegu, zingatia yafuatayo:

1. Nunua kwa muuzaji aliyesajiliwa, mwenye duka au ofisi unayoweza kuirudia.

2. Hakikisha mfuko umefungwa na una lebo ya uthibitisho. Fuata maelekezo yaliyo kwenye lebo ili kuihakiki kabla ya kulipa.

3. Soma aina ya nyasi, tarehe ya kupimwa, na viwango vya usafi na uotaji. Ikiwa viwango havikuandikwa, viulize. Muuzaji mwaminifu hachukizwi na swali hilo.

4. Uliza mbegu zilivunwa lini. Mbegu za nyasi nyingi zina usingizi: zikipandwa zikiwa mpya kabisa, hazioti vizuri hadi zikae miezi kadhaa. Kwa upande mwingine, mbegu zilizokaa muda mrefu mahali penye joto na unyevu hufa.

5. Dai risiti yenye jina la muuzaji, aina ya mbegu, kiasi na tarehe.

Jaribio la siku 14 nyumbani

Nunua kiasi kidogo kwanza, angalau mwezi mmoja kabla ya mvua. Chukua mbegu 100 bila kuchagua. Zitandaze juu ya kitambaa cha pamba au karatasi laini iliyoloweshwa, uziweke katika sahani, ufunike ili unyevu usipotee. Weka sahani ndani ya nyumba mahali penye joto la kawaida. Nyunyiza maji kidogo kila siku. Kitambaa kiwe na unyevu bila kuelea majini. Hesabu na kuondoa zilizoota kila baada ya siku mbili, hadi siku ya 14.

Jumla uliyoipata ndiyo asilimia ya uotaji. Ikiwa imepungukiwa sana na ile iliyoandikwa kwenye lebo, rudia jaribio mara moja ili kujiridhisha, kisha wasiliana na muuzaji. Jaribio hili halichukui nafasi ya kipimo cha maabara, lakini hukuepusha na kugundua tatizo wakati shamba limeshalimwa na mvua imeshanyesha.

Namna ya kupanda

Mvua za vuli katika eneo hili hazitabiriki. Kwa hiyo wafugaji wengi hupata matokeo mazuri zaidi wanapoandaa ardhi mapema na kupanda mwanzoni mwa masika. Eneo dogo lililotunzwa hushinda eneo kubwa lililoachwa. Anza na nusu ekari ukiwa huna uhakika.

Kwatua udongo kwa jembe au haro. Si lazima kulima kwa kina, na penye mteremko ni afadhali usilime eneo zima. Chimba mistari inayokatiza mteremko, upande humo, na uache nyasi zilizopo kati ya mistari ziushike udongo. Historia ya Uluguru inatukumbusha kwamba hifadhi ya udongo isiyomletea mkulima faida anayoiona haidumu: mpango wa kikoloni wa kuwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi ulipingwa vikali mwaka 1955 na ukaachwa. Mstari wa nyasi huzuia udongo, na pia hukatwa ukawa chakula cha ng'ombe.

Kwa nyasi za Rhodes zenye uotaji mzuri, kilo 3 hadi 5 hutosha ekari moja. Changanya mbegu na mchanga mkavu au unga wa mbao ili zisambae sawasawa, maana zikiwa peke yake hupeperushwa na upepo. Kosa la kawaida ni kuzifukia mno. Mbegu ndogo haina akiba ya kuisukuma kutoka chini. Sentimita moja ya udongo inatosha. Kokota tawi lenye majani juu ya eneo lililopandwa, kisha ushindilie kwa miguu. Samadi iliyooza vizuri inafaa. Samadi mbichi huleta mbegu za magugu.

Palilia mara moja au mbili katika miezi ya kwanza. Usiingize mifugo hadi nyasi zimeshika. Kipimo chake ni chepesi: shika shungi la majani kama mdomo wa ng'ombe ushikavyo, uvute. Majani yakikatika na mmea ukabaki, umekomaa. Ukiong'oka na mizizi yake, ngoja. Katika mwaka wa kwanza, ni vyema kuziacha nyasi zitoe mbegu na kudondosha kabla ya kulishia.

Kugawa eneo na kupanga zamu

Gawa eneo lako katika sehemu. Sehemu sita zikilishwa wiki moja kila moja, kila sehemu hupata mapumziko ya siku 35. Katika mvua za kawaida, muda huo hutosha nyasi nyingi kurudisha nguvu. Kiangazi hali hubadilika: nyasi hazikui, hivyo usiongozwe na kalenda bali na urefu wa nyasi. Ondoa ng'ombe nyasi zinapobaki na urefu wa kiganja kimoja, takriban sentimita 10, hata kama zamu haijaisha.

Uzio si sharti. Mchungaji makini anayejua mipaka ya zamu anaweza kufanya kazi ya uzio. Anayetaka mpaka wa kudumu anaweza kupanda mkonge au glirisidia, ambayo majani yake pia ni chakula.

Hesabu ya ng'ombe na nyasi

Mwishoni mwa masika, fanya hesabu ifuatayo. Kata nyasi zote katika mita moja ya mraba, zikaushe kabisa juani, uzipime. Rudia sehemu kadhaa na utafute wastani. Tuseme umepata gramu 200. Ekari moja ina takriban mita za mraba 4,000, hivyo ina kilo 800 za nyasi kavu. Kanuni njema ni kula nusu na kuacha nusu, ili mmea na udongo visibaki uchi. Unaweza basi kutumia kilo 400 kwa ekari.

Ng'ombe wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 250 hula takriban kilo 7 za chakula kikavu kwa siku. Ng'ombe mkubwa wa maziwa hula zaidi. Mfugaji mwenye ekari sita ana kilo 2,400 za kutumia. Ng'ombe wake watatu wanahitaji kilo 21 kwa siku, na kwa siku 150 za kiangazi ni kilo 3,150. Pengo ni kilo 750, sawa na marobota 50 ya kilo 15.

Faida ya hesabu hii ni wakati. Anayejua pengo lake mwezi Juni anaweza kununua marobota yangali mengi, kukausha nyasi zake za ziada, au kuuza mnyama mmoja angali mnene. Anayelijua Septemba hana hiari tena. Unaponunua marobota, pima machache kwa mizani kabla ya kukubali bei, kwa sababu ukubwa wa robota haumaanishi uzito. Chagua yenye rangi ya kijani iliyofifia na harufu nzuri. Kataa yenye ukungu, joto ndani, au mbegu za magugu.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Je, kuchoma moto hakusaidii nyasi kuchipua?
Moto huondoa mabua makavu na chipukizi huonekana haraka, ndiyo maana watu wengi huuamini. Lakini huuacha udongo wazi kabla ya mvua, huteketeza mbegu na miche michanga, na mara nyingi huvuka mpaka. Ng'ombe wakiingizwa mapema kula chipukizi hizo, akiba ya mizizi humalizika. Tumia zamu za malisho badala ya moto, na kumbuka kwamba uchomaji holela ni kosa.

Naweza kukusanya mbegu zangu mwenyewe?
Ndiyo, kwa matumizi yako. Zivune kwa mkono zinapoanza kudondoka, zikaushe kivulini, uzihifadhi katika gunia linalopitisha hewa, mbali na panya. Kuziuza kama mbegu ni jambo jingine: wasiliana na TOSCI kwanza ili ufuate utaratibu wa usajili na ukaguzi.

Nifanyeje ikiwa malisho yetu ni ya pamoja?
Hapo zamu hazitafaulu kwa juhudi za mtu mmoja. Pelekeni hoja katika mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 zinakiwezesha kijiji kutenga maeneo ya malisho na kupanga matumizi yake, na Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010 inahusu usimamizi wa malisho yenyewe. Kubalianeni tarehe za kufunga na kufungua, na muwashirikishe wakulima wa jirani tangu mwanzo.

Ukiuziwa mbegu mbovu

Usitupe kitu chochote. Hifadhi mfuko, lebo, risiti na kiasi cha mbegu ambazo hazijapandwa. Andika tarehe ya kupanda, hali ya mvua na idadi ya mbegu zilizoota katika jaribio lako. Piga picha za shamba ukiweza. Anza kwa kumweleza muuzaji. Usiporidhika, toa taarifa kwa afisa kilimo au afisa mifugo wa kata na kwa TOSCI. Masuala ya udanganyifu dhidi ya mlaji yanaweza pia kupelekwa Tume ya Ushindani, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Taarifa yako inaweza kumwokoa mnunuzi mwingine kabla ya masika yajayo.

Fahamu pia kwamba kila kushindwa kuota hakutokani na mbegu. Mbegu zilizofukiwa mno, zilizopandwa mvua ikikatika, au zilizokanyagwa na ng'ombe wiki ya tatu, hazitaota hata zikiwa bora. Wahenga walisema mpanda ovyo hula ovyo. Kumbukumbu zako ndizo zitakazotenganisha kosa la muuzaji na kosa la shambani.

Kalenda fupi ya mfugaji wa Mzumbe

Juni: pima nyasi, hesabu ng'ombe, jua pengo la kiangazi na ulizibe mapema.
Agosti na Septemba: kagua eneo kwa hatua 100, chagua sehemu ya kufunga.
Oktoba hadi Desemba: funga sehemu hiyo kabla ya vuli, andaa samadi.
Januari: nunua mbegu kidogo zenye lebo na ufanye jaribio la siku 14.
Februari: nunua kiasi kilichobaki ikiwa jaribio limefaulu, kwatua udongo.
Machi: panda mvua zikishatulia.
Aprili na Mei: palilia, na uwazuie ng'ombe wasiingie sehemu iliyopandwa.
Mwaka mzima: tunza risiti, fuata zamu, na uache nyasi zenye urefu wa kiganja.